Kabla Hujashusha Sindano: Mwongozo Kamili wa Kukusanya na Kuokoa Muziki wa Santuri, Rili na Kanda

Santuri kila inapozungushwa inalika. Sindano hupita mferejini ikiondoka na chembe, na kanda nayo kila ikipita kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, huacha unga wa kahawia ambao ndio muziki wenyewe. Kwa santuri mpya hilo si neno. Kwa santuri iliyokaa uvunguni miaka sitini, ambayo huenda hakuna ya pili yake mjini, hilo ndilo neno lenyewe. Basi mwongozo huu wote umesimama juu ya kanuni moja: mara ya kwanza kuipiga iwe ndiyo mara unayoirekodi.

Kanuni hii niliilipia. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilipewa sanduku la bati huko Pangani, ndani yake santuri za 78 kumi na saba. Usiku uleule nikachukua spiriti na pamba, nikaanza kusafisha. Pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi kuona uchafu unatoka, nikazidi kusugua. Nilipoinua santuri kwenye taa nikaona upande mzima umepoteza mng'aro, umekuwa kama ubao wa darasani uliofutwa na kitambaa kikavu. Haukuwa uchafu. Ilikuwa santuri inayeyuka. Upande ule ulikuwa na mwanamke akiimba na udi nyuma yake. Leo unasikia mchakacho mtupu, na udi kwa mbali sana. Mwenye sanduku hakunilaumu. Mimi bado najilaumu.

Kwanza, jua ulichoshika

Santuri za 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni nzito na zinavunjika kama sahani ya udongo. Nyingi zina upana wa sentimita 25, na upande mmoja hubeba dakika tatu hivi. Hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa lakiri, ule utomvu wa wadudu uliokuwa ukifungia bahasha zamani, ukichanganywa na unga wa mawe. Lakiri huyeyuka kwenye spiriti, na sasa unajua yaliyonikuta. Hizi ndizo santuri za enzi ya Siti binti Saad, aliyesafiri mwaka 1928 na wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Ndizo pia zilizoleta muziki wa Cuba barani Afrika kupitia mfululizo wa GV wa HMV, na ndizo zilizobeba rumba ya Congo kutoka studio kama Ngoma, iliyoanza Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948. Ukikuta lebo ya Jambo, hiyo ni ya Nairobi. Kwetu santuri za 78 zilidumu hadi kuingia miaka ya 1960, wakati Marekani LP, ile santuri kubwa ya plastiki, ilishatoka mwaka 1948 na santuri ndogo ya 45 mwaka 1949.

Santuri ya 45 ina upana wa sentimita 18, ni ya plastiki, na kwa muziki wetu wa dansi na benga ndiyo iliyotawala. Wimbo mara nyingi umekatwa vipande viwili: upande A maneno, upande B magitaa yamechangamka. LP tunayoijua sote: sentimita 30, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika.

Rili ni utepe uliozungushwa kwenye gurudumu wazi, upana milimita 6.35, na kwetu ilikuwa mali ya redio na studio. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, ikachukua kama miaka kumi na zaidi kuingia kila nyumba, kisha ikatawala hadi CD ilipoiondoa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wakusanyaji wengi hukosea hapa. Enzi za Ujamaa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zile nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilichapwa Kenya. Hata kabla ya hapo njia ilikuwa ileile: Salum Abdallah na Cuban Marimba wa Morogoro nyimbo zao zilitoka kwa lebo ya Mzuri ya Assanand, Mombasa, na za Mbaraka Mwinshehe zilitolewa Nairobi. Maana yake ni nini kwako mkusanyaji? Kwamba nyimbo nyingi mno ulizozisikia redioni utotoni huwezi kuzipata kwenye santuri hata ukizunguka nchi nzima, kwa sababu hazikuwahi kuwa santuri. Zilikuwa kwenye rili ya redio, na kutoka hewani zikadakwa na baba wa mtu aliyekaa na redio kaseti yake Jumapili mchana, kidole kwenye kitufe chekundu. Kwa hiyo usiidharau kaseti chakavu iliyoandikwa kwa kalamu "Mchanganyiko 4". Kwangu mimi kaseti hiyo inapita LP safi ambayo imeshachapwa upya Ulaya mara tatu.

Pa kutafutia, na namna ya kuomba

Kuna wauzaji wanaojulikana, kama kibanda cha santuri cha Kenyatta Market, Nairobi, na mtandaoni wapo tele wanaouza kwa dola. Nenda, jifunze kwa macho. Lakini mkusanyo wenye maana hutoka majumbani: kwa wazee waliowahi kuwa na hoteli au baa yenye gramafoni, kwa mafundi redio waliostaafu, kwa familia za wanamuziki, kwa maduka ya zamani ya vitambaa na baiskeli yaliyokuwa yakiuza santuri pembeni. Mombasa kulikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service yaliyorekodi taarabu na kuuza kaseti, na kaseti hizo zilisafiri. Nyingine zimo Muscat, kwa jamaa waliohama Zanzibar baada ya 1964, zimetunzwa vizuri kuliko tulivyozitunza sisi, kwa sababu kwao zilikuwa ndiyo sauti ya nyumbani. Ukiwa na ndugu huko, muulize.

Ukiingia nyumba ya watu, usianze na bei. Salimia, kaa, ulizia muziki wa ujana wao. "Shikamoo mama, nasikia marehemu mzee alikuwa mpenzi wa dansi" hufungua mlango ambao "mnauza santuri?" huufunga. Mara nyingi hawataki kuuza, na wana haki. Basi omba kuazima kwa wiki moja, andika orodha mbele yao, vipande vingapi na hali gani, mwachie nakala, na siku uliyoahidi kurudisha irudishe siku hiyohiyo. Wakiuza, lipa bei ambayo huoni haya kuitaja mbele ya watoto wao.

Na kabla hujaondoka, washa kinasa sauti cha simu kwa idhini yao na uliza: hii mlinunua wapi? Nani huyu anayeimba? Nani alikuwa akiipenda? Lebo inakupa jina la bendi tu. Jina la mpiga solo, sababu ya wimbo kutungwa, anayesutwa ndani ya fumbo, hayo yako kichwani mwa mama aliyekaa mbele yako, na huko hakuna mashine ya kuyatoa baadaye.

Siku ya kwanza vitu vinapofika nyumbani

Usivichanganye na vyako. Viweke kwenye kibaraza au chumba kingine siku kadhaa, uangalie mende, mchwa na ukungu. Kava lililoliwa na mchwa likikaa karibu na makava mazima, ndani ya mwezi una hasara mbili.

Kisha namba. Kila kitu kipate namba yake kabla hakijaguswa zaidi: mimi hutumia 78-0031, 45-0210, K-0145 kwa kaseti, R-0009 kwa rili. Namba iandike kwa penseli kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si juu ya lebo. Piga picha za lebo zote mbili, kava mbele na nyuma, na ile nafasi tupu kati ya mwisho wa mfereji na lebo. Ielekeze santuri kwenye mwanga wa pembeni uone namba zilizochongwa pale: hizo ziliandikwa kiwandani na hazidanganyi, ilhali lebo huweza kubandikwa kimakosa. Piga picha hata mhuri wa duka. Mhuri wa muuza santuri wa Tanga au Kigoma unakuambia santuri ilitembea njia gani.

Kwa kaseti, jambo la kwanza kabisa, kabla ya picha: vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingo wa juu, ili mashine yoyote isiweze kurekodi juu yake. Ukikuta vimeshavunjwa na tundu zimezibwa kwa karatasi, toa karatasi. Mtu aliziba ili arekodi kitu kingine, na angeweza kuziba tena.

Kuosha

Maji ya bomba yanaacha chumvi mferejini. Tumia maji safi yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri: rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na watu huziita zote "maji ya betri". Kama chupa haisemi waziwazi, iache.

Kwa santuri za 78: lita moja ya maji hayo, matone mawili matatu ya sabuni laini ya maji isiyo na manukato mengi, na brashi laini. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki kinachoikalia sawasawa, maana lebo ikilowa inavimba na wino unakimbia. Piga brashi kwa kufuata mfereji, mduara, usikatize. Suuza kwa maji yasiyo na sabuni, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha simamisha kwenye kichanja cha vyombo kivulini hadi ikauke kabisa. Hakuna spiriti, hakuna dawa ya vioo. Santuri yenye ufa usiiloweshe hata kidogo, isafishe kwa brashi kavu.

Za plastiki zinavumilia zaidi. Kwa ukungu mgumu unaweza kuongeza spiriti safi kidogo kwenye maji, lakini uhakikishe mara mbili kuwa ulichoshika si cha lakiri. Zipo santuri ndogo za mwanzoni ambazo hudanganya macho. Zigonge taratibu kwa kucha: lakiri inalia kama kigae, plastiki inatoa mlio butu.

Mashine ya santuri

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ni nzuri kuitazama, na ninayo moja sebuleni. Lakini mkono wake hukandamiza kwa uzito unaopita gramu mia moja, na sindano yake ya chuma imetengenezwa ilike pamoja na santuri. Usiweke humo santuri ambayo hujairekodi.

Tafuta mashine ya umeme yenye kasi tatu, 33, 45 na 78, na katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, unayoweza kubadilisha sindano yake. Mfereji wa 78 ni mpana: unataka sindano yenye ncha ya kama mikroni 75, yaani sehemu 75 za elfu za milimita. Wa LP na 45 unataka kama mikroni 18 hadi 25. Ukitumia ndogo kwenye 78 itacheza kwenye sakafu ya mfereji na kukuletea mchakacho ambao haumo kwenye santuri. Ukitumia kubwa kwenye LP unachimba. Uzito wa mkono uwe gramu 2 hivi kwa LP, na 3 hadi 5 kwa 78. Tabia ya kuweka sarafu juu ya mkono ili isiruke, tuiache. Santuri ikiruka ina uchafu, imepinda, au mashine haijakaa sawa.

Sasa jambo la umeme, maana ndugu wengi huletewa mashine na jamaa kutoka Marekani. Huko umeme ni volti 120 na mawimbi 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 na 50, au 240 na 50 upande wa Kenya. Transfoma itarekebisha volti tu, haitagusa mawimbi. Mashine nyingi za zamani zilipata kasi yake kutokana na mawimbi ya umeme, kwa hiyo ya Marekani ikija huku LP itazunguka mara 27.8 badala ya 33 na theluthi. Muimbaji anakuwa mzito, ngoma zinalegea, na mtu anaweza kusikiliza miaka bila kujua. Fundi mzuri wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anaweza kuchonga puli mpya. Vinginevyo nunua ya Uingereza, Ujerumani au Japani, ila ya Japani nayo itataka transfoma, maana huko umeme ni volti 100, na uliza imetoka mkoa gani, maana nusu ya nchi ile hutumia 60.

Kupima kasi hakuhitaji kifaa. Bandika kikaratasi kwenye ukingo wa santuri usiyoijali, shusha sindano, hesabu mizunguko kwa saa ya simu: 33 sahihi hutoa mizunguko 100 kwa dakika tatu kamili, 45 hutoa 45 kwa dakika moja. Kama mashine yako haina 78, rekodi kwa 45 ukitumia sindano ya 78, kisha ongeza kasi kwenye programu ya Audacity, ambayo ina chaguo hilo tayari. Sauti haitakuwa sawasawa kabisa, lakini wimbo unaokoka.

Mvumo mzito unaosikika nyuma ya muziki kwa kawaida ni waya mwembamba wa ardhi ambao haukufungwa kwenye skrubu ya priampu, kile kisanduku kinachokuza sauti ya santuri. Ufunge kabla hujatafuta fundi.

Kaseti

Tafuta deki nzima ya mezani, si redio kaseti ya kubeba, na kwa hakika si vile vijideki vipya vya bei poa vyenye waya wa USB. Deki ya zamani iliyobadilishwa mikanda ya mpira na fundi inazishinda zote. Hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe safisha kwa spiriti safi na pamba za masikio kila baada ya kaseti mbili tatu. Spiriti ya kidonda ya dukani mara nyingi ina mafuta ndani yake, inaacha utando. Dai ile isiyochanganywa kitu, asilimia 90 na zaidi. Gurudumu la mpira lifute kwa maji ya sabuni, spiriti hulikausha likapasuka.

Ukiwa na kaseti mkononi, itazame dirishani. Utepe umekaa laini au umepanda matuta? Una madoa meupe? Hayo ni ukungu: usiiweke kwenye mashine kabisa, maana itaambukiza hedi na kila kaseti itakayofuata. Kisha geuza uangalie katikati ya mdomo wake: pawepo kipande kidogo cha sifongo juu ya kibati cha shaba. Sifongo hiki ndicho kinachokandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake huchoka, kinadondoka, na kaseti inaanza kunong'ona na kukata sauti kali. Watu wanazitupa kaseti kwa sababu hiyo tu.

Niliwahi kuletewa kaseti ya harusi ya Tanga, taarabu upande mzima, kinamama wanatunza na kila anayetunza anatajwa jina. Ililia kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Nikafungua skrubu tano, ganda likaachana, na sifongo kikaanguka mezani kama punje ya mtama. Nilichukua kaseti tupu mpya yenye skrubu, nikaifungua kando yake, nikahamisha vile viringi viwili vyenye utepe kwa vidole viwili bila kuugusa utepe wenyewe, nikafuata njia ileile: kigurudumu cha kushoto, mbele ya sifongo, kigurudumu cha kulia. Nikafunga, nikazungusha kwa kalamu ya Bic mizunguko kumi kuona haikwami. Dakika ishirini kazi yote. Majina yakarudi, moja baada ya jingine.

Ganda lisilo na skrubu limeunganishwa kwa moto. Lipasue taratibu kwenye mshono kwa kisu kikavu, uhamishe vilevile. Utepe uliokatika uunganishe kwa selotepu maalumu ya utepe tu, upande wa nyuma. Selotepu ya ofisini gundi yake hutiririka kwa joto letu na kunasa mzunguko unaofuata.

Kabla ya kurekodi, zungusha kaseti hadi mwisho na urudishe, ili utepe ukae upya. Kisha kazi ambayo wengi huiruka: pembe ya hedi. Kaseti ilirekodiwa na mashine yake, na hedi ya mashine ile ilikuwa imeinama kidogo kwa namna yake. Pembeni mwa hedi ya deki yako kuna skrubu ndogo. Sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimeunganishwa, izungushe robo kwa robo ukifuatilia sauti kali, kayamba, matoazi, herufi s. Pale zinapong'aa kuliko popote ndipo penyewe. Tofauti yake ni kama kufungua dirisha. Tia alama mahali skrubu ilipokuwa ili urudishe baadaye.

Kitufe cha Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele za utepe, kizime, isipokuwa kaseti imeandikwa Dolby na wewe unaamini maandishi hayo. Na zile kaseti za dakika 120, utepe wake ni mwembamba mno: usizirudishe kwa kasi, zipige tu.

Rili

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ushauri wangu mkubwa ni kujua pa kuacha. Nusa kwanza. Harufu ya siki ina maana utepe wa asetati, aina ya plastiki ya zamani, umeanza kujila wenyewe. Utenge na mingine, na urekodiwe mapema iwezekanavyo. Inua rili mbele ya dirisha: asetati inapitisha mwanga, poliesta ni giza. Asetati hukatika mkato safi unaoungika. Poliesta hunyooka kama lastiki, na sauti iliyonyooka hairudi.

Utepe unaolia kama mlango na kuacha gundi kwenye hedi, hasa wa miaka ya 1970 na 1980, umevuta unyevu kwenye gundi yake. Unaweza kutibiwa kwa joto dogo la kama nyuzi 54 kwa saa nyingi ili upigike kwa muda. Usijaribu kwa oveni ya jikoni, na wa asetati usiuoke kabisa. Simamisha, uutie ndani ya boksi, umtafute mwenye vifaa.

Rili ikitoa sauti mbili pamoja, moja ikirudi kinyumenyume, haijaharibika. Ilirekodiwa kwa njia nne na mashine yako ina hedi ya njia mbili. Tafuta mashine inayolingana. Kasi nayo huandikwa boksini kwa sentimita kwa sekunde, 38, 19 au 9.5, boksi likikosa maandishi, sauti ya mtangazaji itakuambia.

Kuingiza kwenye kompyuta

Tundu la maiki la kompyuta si pa kuingizia muziki. Nunua kisanduku cha sauti cha USB chenye njia mbili za kuingizia, hata cha bei ya chini. Rekodi faili la WAV, lile lisilobanwa, biti 24, kHz 96. Kwa kipimo hicho dakika moja inakula MB 35 hivi, kaseti ya dakika 60 inakula GB 2. Usibane. MP3, faili lililobanwa, ni ya kuwatumia watu kwa simu.

Kiwango cha sauti kiache kilele chake kifike desibeli −6, kisiguse sifuri kabisa. Anza kurekodi kabla sindano haijashuka na acha hadi baada ya kunyanyua, kwa sababu ile mikwaruzo ya mwanzoni hukusaidia baadaye kupima kelele.

Santuri za 78 ni za mono, lakini zirekodi kwa stereo. Kuta mbili za mfereji hazikulika sawa: sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, halafu zote pamoja, uchague iliyo safi. Faili hilo la kwanza usiliguse tena milele. Kusafisha kelele, kuunganisha upande A na B wa wimbo uliokatwa, kurekebisha kasi, yote fanya kwenye nakala. Na kwenye kusafisha kelele nakuomba mkono uwe mwepesi. Programu haijui tofauti ya mchakacho na kayamba. Nimesikia nyimbo za zamani zimesafishwa hadi waimbaji wanasikika wako chini ya maji.

Jina la faili liwe namba ya kitu na upande: K-0145-A. Mengine yaende kwenye jedwali: msanii, wimbo, lebo, namba ya katalogi, namba iliyochongwa, nani alikupa, mji gani, siku gani umerekodi, kwa mashine na sindano ipi, na alichosema mwenye nacho. Kisha nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti nyumbani, moja kwa ndugu mji mwingine. Flashi si hifadhi.

Kutunza kitu chenyewe

Muziki ukishaingia kompyuta, santuri haigeuki taka. Labda kesho itapatikana sindano bora kuliko yako.

Muziki wa zamani unapenda baridi na ukavu, na sisi wa pwani hatuna chochote katika viwili hivyo. Fanya unaloweza: chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, rafu ya juu kidogo ya sakafu, feni. Santuri zisimame wima zikibanana kiasi, hasa za 78, ambazo zikilazwa moja juu ya nyingine ya chini hupasuka. Karatasi safi, si gazeti. Kaseti zisimame pia, utepe ukiwa umerudishwa upande mmoja, mbali na spika, maana sumaku ya spika hufuta. Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vikusanye, vinavuta unyevu. Dawa za nondo za kabatini, zile tembe nyeupe zenye harufu, siziweki karibu na plastiki ya aina yoyote.

Kushirikisha na kurudisha

Kuwa na santuri si kuwa na wimbo. Haki ni ya watunzi, wapigaji na waliorekodi, na wengi wana warithi. Kabla ya kuweka chochote mtandaoni au kumpa mchapishaji wa nje, watafute, na uliza ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Akija mtu na mkataba wa kutaka faili zako, mwambie familia ya mwanamuziki ikae mezani kwanza.

Nyumba uliyoazima vitu, rudi na vitu vyenyewe, vimeoshwa na kuwekwa kwenye bahasha mpya, pamoja na flashi yenye nyimbo zote. Lakini usiwaachie flashi ukaondoka. Beba spika ndogo, ketini, piga wimbo wa kwanza palepale, na simu yako iwe inarekodi mezani. Ile kaseti ya harusi niliirudisha hivyo. Ulipofika utunzaji, bibi wa nyumba alianza kuyataja majina kabla ya muimbaji, akaongeza na mawili ambayo hayamo kwenye kanda.